Dele Lenye Kahawa: Tabaka, Fremu Kuu na Kazi ya Kumhuisha Mhusika

Nimeombwa nieleze jinsi mhusika wa katuni anavyotengenezwa kwa kompyuta: anavyogawanywa katika tabaka, anavyowekewa fremu kuu, na programu inavyojaza mwendo uliobaki katikati. Nitaanza na kisa changu mwenyewe, kwa sababu ndicho kilichonifunza kazi hii kuliko kitabu chochote.

Mhusika wa kwanza niliyemhuisha alikuwa muuza kahawa. Aliyekulia katika mji wa pwani hahitaji kuelezwa huyo ni nani. Mkono mmoja umeshika dele la shaba lenye makaa chini yake. Mkono wa pili una vikombe vidogo, na mlio wa vikombe hivyo vikigonganishwa hufika barazani kabla ya mwenyewe. Nilimchora kwa mapenzi. Nikampa kanzu, kofia na ndevu chache za mvi. Nikaweka fremu ya kwanza akiwa upande wa kushoto wa kioo, ya mwisho akiwa upande wa kulia, nikaiachia programu ijaze katikati. Akatembea. Nikamwita mjomba wangu aje kuona.

Mjomba alitazama mara tatu bila kusema neno. Kisha akaniambia, "Mwanangu, dele la huyu halina kahawa."

Maneno hayo ndiyo mada yangu ya leo.

Maswali mawili ya zamani

Lugha yetu imetupa neno zuri: uhuishaji. Kuhuisha ni kutia uhai. Lakini uhai huo hutoka katika picha zilizosimama, zinazopita mbele ya jicho kwa kasi hata jicho likaziunganisha. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde. Televisheni za kwetu zilikulia katika mfumo wa picha 25. Kwa hesabu ya sinema, filamu ya dakika 10 ni picha 14,400. Hata mchoraji akiamua kila mchoro ukae fremu mbili, kama wengi walivyofanya ili kupunguza kazi, bado anadaiwa michoro 7,200.

Mwaka 1914, huko Marekani, Winsor McCay alitoa filamu ya dinosauri aitwaye Gertie. Kwa filamu ile fupi, yeye na msaidizi wake walichora maelfu ya karatasi, na katika kila karatasi yalichorwa upya hata mawe na milima iliyokuwa nyuma ya mnyama, vitu visivyosogea hata kidogo. Ila McCay aligundua jambo moja la busara. Hakuchora kwa mfuatano, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alianza na mikao mikubwa ya mwendo, kisha akachora mkao wa katikati yake, kisha katikati ya katikati, mpaka pengo likajaa.

Katika kazi hiyo moja mna maswali mawili ambayo wahuishaji wamekuwa wakiyajibu tangu siku zile. La kwanza: tufanyeje ili kisichosogea kisichorwe upya? La pili: nani atachora za katikati? Jibu la swali la kwanza ni tabaka. Jibu la swali la pili ni fremu kuu na ujazo wake.

Tabaka zilikuja mapema. Mwaka huohuo wa 1914, Mmarekani Earl Hurd aliomba hataza ya kuchora wahusika juu ya karatasi angavu za seluloidi, zinazolazwa juu ya mandhari iliyochorwa mara moja tu. Mlima ukapumzika, akabaki mnyama peke yake. Huko Ujerumani, Lotte Reiniger akaenda mbali zaidi. Kwa mkasi wake alikata wahusika wa karatasi nyeusi, kila kiungo peke yake, akaviunga viungo kwa waya, akavilaza juu ya meza ya kioo yenye mwanga chini yake, na kuvisogeza kidogo kidogo huku kamera ikipiga picha kutoka juu. Filamu yake ya Mwanamfalme Achmed, iliyoonyeshwa mwaka 1926 baada ya kazi ya miaka mitatu, ilichota visa vyake katika zile hadithi ambazo sisi Waswahili tunazijua kwa jina la Alfu Lela Ulela. Yeyote kati yenu anayemkata mhusika vipande ndani ya kompyuta leo anafanya kazi ya mkasi wa mama yule.

Swali la pili lilijibiwa kwanza kwa watu. Katika studio kubwa, kama ya Walt Disney iliyotoa Snow White mwaka 1937, mhuishaji mwandamizi alichora mikao mikuu, na vijana waliokuwa wanajifunza kazi wakajaza ya katikati. Mikono mingi ilizeekea humo bila majina yao kukumbukwa. Kisha kazi hiyo ikapewa mashine. Huko Ottawa, katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, Nestor Burtnyk na Marceli Wein waliandika programu iliyopokea michoro miwili ya msanii na kukokotoa yenyewe michoro ya kati. Mchoraji Peter Foldes aliitumia kutengeneza filamu fupi iitwayo Hunger, ya mwaka 1974, inayomwonyesha mtu anayekula bila kukoma huku mwili wake ukigeuka umbo hadi umbo, mpaka mwisho wenye njaa wanamla yeye. Filamu hiyo ilipata tuzo ya majaji huko Cannes. Miaka ishirini na miwili baadaye, mwaka 1996, ikatoka programu ya FutureSplash Animator, ambayo haikukawia kununuliwa na kampuni ya Macromedia na kupewa jina la Flash. Tangu 2016 inaitwa Adobe Animate. Kwa programu za namna hiyo, kijana mwenye kompyuta moja chumbani aliweza kufanya kazi iliyohitaji ukumbi mzima wa wachoraji.

Basi mimi nilipomtembeza muuza kahawa wangu, nyuma yangu kulikuwa na akili na jasho la miaka themanini na zaidi. Kwa nini dele likawa tupu?

Kumgawa mtu

Tuanze na tabaka, maana kosa langu la kwanza lilikuwa hapo. Nilimchora muuza kahawa mzimamzima kwenye tabaka moja, kisha nikamsogeza kama mtu anayesukuma sanamu mezani.

Mhusika anayetembea hukatwa pale anapojikunja. Kichwa peke yake. Shingo. Kiwiliwili. Mkono wa juu, kigasha, kiganja. Paja, muundi, unyayo. Kila kipande kina tabaka lake, na mpangilio wa tabaka ndio unaompa mtu unene wake: mkono wa karibu nasi hukaa juu ya kiwiliwili, mkono wa mbali hukaa chini yake. Ukikosea mpangilio huo, mkono wa mbali utapita mbele ya kifua, na mtazamaji atashtuka hata kama hawezi kueleza kilichomshtua.

Kila kipande kinahitaji bawaba. Fikirini mlango: haujali umepakwa rangi gani, unajali bawaba ziko wapi. Programu ikiletewa kipande kipya, mara nyingi huweka bawaba katikati ya kipande. Kigasha chenye bawaba katikati kitazunguka kama feni. Lazima mhuishaji aihamishe mpaka kwenye kiwiko, ya mkono wa juu mpaka begani, ya kichwa mpaka penye shingo. Na mahali kipande kinapokutana na kingine, ncha zote mbili zichorwe za mviringo na zilaliane kidogo, ili kiwiko kikikunjwa pasionekane ufa.

Kisha vipande vifungamanishwe kwa ukoo. Bega likisogea, mkono wa juu ufuate. Mkono wa juu ukisogea, kigasha kifuate. Kiganja kifuate kigasha. Na dele lifuate kiganja. Mtoto hufuata mzazi, ila mzazi hamfuati mtoto: dele likiyumba, bega halilazimiki kuyumba nalo. Mhuishaji anayeusahau ukoo huu hulazimika kulisogeza dele kwa mkono fremu hadi fremu, na bado litaonekana kama linaelea hewani pembeni mwa kiganja.

Fremu kuu ni uamuzi

Fremu kuu ni mahali ambapo mhuishaji anasema: hapa, kwa hakika, mwili uko hivi. Kila fremu nyingine ni matokeo ya hizo. Kwa hiyo swali la kwanza halihusu vitufe vya programu. Swali ni hili: katika tendo hili, ni mikao ipi ambayo ukiiondoa, tendo linakufa?

Katika mwendo wa mtu kuna mikao minne inayofundishwa kila mahali. Kugusa: kisigino cha mbele kimefika chini, miguu imetanuka kama mkasi. Kushuka: uzito umeangukia mguu wa mbele, goti limekunjika, kichwa kiko chini kabisa. Kupita: mguu wa nyuma unaupita ule uliosimama. Kupanda: mwili unajisukuma juu, kichwa kinafika kilele chake. Kisha kugusa tena, kwa mguu wa pili. Kwa mwendo wa kawaida hatua moja huchukua fremu kama 12, kwa hiyo hatua mbili zinamaliza mzunguko katika fremu 24, na mzunguko huo unaweza kurudiwa mpaka mtu afike aendako. Kuna sharti moja tu: umbali anaosafiri ulingane na upana wa hatua zake. Ukizidi au ukipungua, nyayo zitateleza kama mtu anayetembea juu ya sakafu iliyomwagwa sabuni.

Mimi sikuweka hata mkao mmoja kati ya hii minne. Niliweka mwanzo na mwisho wa safari, nikadhani safari ndiyo mwendo.

Kilichomo katikati

Sasa tuitazame mashine inavyojaza. Tuseme muuza kahawa ananyanyua mkono wa vikombe nyuzi 60, na umempa fremu 12. Mashine itagawa 60 kwa 12 na kumpa nyuzi 5 kila fremu: tano, tano, tano, mpaka mwisho. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa, na mkono huo ni mkono wa saa ya ukutani.

Mkono wa mtu una uzito. Unachelewa kuanza, unashika kasi, kisha unapunguza kabla ya kusimama. Jaribuni mgawanyo huu: nyuzi 1, 2, 4, 6, 8, 9, 9, 8, 6, 4, 2, 1. Jumlisheni, ni zilezile 60, katika fremu zilezile 12, na mikao ya mwanzo na mwisho ni ileile. Kilichobadilika ni nafasi kati ya fremu na fremu. Katika nafasi hizo ndimo uzito wa mkono unamokaa.

Programu zina kifaa cha kufanya hivyo: mstari unaoupinda kwa kidole, na mgawanyo unajipanga wenyewe. Kwa wanaotumia Flash na mrithi wake, tangu toleo la CS4 la mwaka 2008 ujazo wa mwendo unafungwa kwenye kitu chenyewe na njia yake, na mahali, ukubwa na mzunguko kila kimoja kinaweza kuwa na fremu zake kuu. Hilo ni jambo kubwa. Maana yake bega linaweza kuanza kushuka kabla kiganja hakijaanza kufunguka, na mwili wa binadamu ndivyo unavyofanya: viungo havianzi pamoja wala havimalizi pamoja.

Lakini kifaa hakijui mstari upi unafaa. Kitampa muuza kahawa mwenye dele zito ulaini uleule kitakaompa mtoto mwenye kishada. Ndipo niliporudi barazani na daftari, si kunywa, bali kutazama. Nilikaa tangu baada ya Alasiri mpaka adhana ya Magharibi.

Niliyoyaona nitayasema kama nilivyoyaandika. Bega la upande wa dele liko chini, na kiwiliwili kinaegemea upande wa pili ili kusawazisha. Mkono wa dele hauchezi kabisa; unaocheza ni wa vikombe. Hatua za upande wenye mzigo ni fupi. Anaposimama ghafla akiitwa, miguu inasimama kwanza, dele linaendelea mbele kidogo, kisha linarudi, linatulia. Na anapomimina, haangalii kikombe, anamwangalia mnywaji.

Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo mashine ingelijua. Nilirudi, nikamkata upya, nikamwekea bawaba, nikafunga ukoo, nikaweka mikao minne ya kutembea huku bega moja likiwa chini, na nikafanya dele lichelewe fremu tatu nyuma ya kiganja anaposimama. Usiku huo nilimwonyesha mjomba tena. Alitazama mpaka mwisho, kisha akauliza, "Amebakiza vikombe vingapi?"

Mdomo wa Kiswahili

Niruhusuni nikae kidogo kwenye tabaka moja dogo, la mdomo, kwa sababu hapo ndipo tunapokopa bila kufikiri. Chati nyingi za midomo zinazozunguka duniani zilitengenezwa kwa Kiingereza. Lugha yetu ina tabia yake.

Tuna irabu tano tu, na silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Basi midomo mitano ya msingi inatosha: wa a uliofunguka, wa e na wa i iliyotanuka, wa o wa mviringo, wa u uliochongoka, ambao pia unafaa kwa w. Ongezeni mdomo uliofungwa kwa m, b na p. Meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Ulimi nyuma ya meno kwa t, d, l na n. Na ncha ya ulimi kati ya meno kwa th na dh. Midomo tisa, na mhusika wenu atasema chochote. Midomo hii haijazwi na mashine. Hubadilishwa papo hapo, mmoja ukiondoka mwingine ukiingia, na mara nyingi huwekwa fremu moja au mbili kabla ya sauti yenyewe.

Mambo mawili yachungwe. Kwanza, m inayosimama peke yake, kama katika mtu, mke, mchele. Hiyo ni silabi kamili, na mdomo lazima ufungwe na ukae. Mhusika asiyefunga mdomo hapo, sikio litasikia mtu lakini jicho litasoma tu. Pili, mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ka-HA-wa, ka-RI-bu. Hapo ndipo kichwa kishuke kidogo au nyusi zipande. Mkiuweka mkazo wa mwili mwanzoni mwa neno, mhusika atazungumza Kiswahili kwa sauti na lugha nyingine kwa mwili.

Tunachowajibika nacho

Katika eneo letu kazi hii haikuanza jana. Mtindo wa Tingatinga, uliozaliwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa mkono wa Edward Saidi Tingatinga, una maumbo bapa, mistari iliyo wazi na rangi zisizochanganyika. Ni kama ulichorwa ukisubiri kukatwa tabaka. Na ulikatwa: mfululizo wa Tinga Tinga Tales, ulioanza kuonyeshwa mwaka 2010, ulihuishwa Nairobi. Mwaka 2014 Ubongo Kids wakaanza kufundisha hesabu kwa Kiswahili kupitia wahusika wa katuni kwenye televisheni ya Tanzania. Kwa mtoto wa kwetu, kumwona mhusika anayesema lugha yake ni jambo ambalo mimi katika utoto wangu sikulipata.

Ninachohofia ni maktaba za mienendo iliyo tayari. Unaburuta, unaacha, mhusika anatembea. Mfikirieni mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Mwendo wa maktaba unapandisha na kushusha kichwa katika kila hatua, kama nilivyoeleza katika ile mikao minne. Mama yule akitembea hivyo, atafika nyumbani ameloa na ndoo tupu. Kichwa chake kinakwenda karibu mstari mnyoofu. Ni magoti na nyonga zinazomeza kupanda na kushuka kote, na shingo ni nguzo. Mkitumia mwendo wa dukani, mtakuwa mmechora mama na kusahau anachokijua: ule ustadi wa mwili alioanza kujifunza akiwa binti mdogo. Mtoto atakayeiona filamu hiyo ameshamwona mama yake akitoka kisimani. Atajua.

Vijana wangu, mashine itaendelea kujaza katikati, na itajaza vizuri zaidi kila mwaka. Sina ugomvi nayo. Iliwapumzisha wajazaji wengi. Lakini haijawahi kubeba ndoo. Haikuwahi kuita wateja kwa vikombe. Fremu kuu lazima zitoke kwa aliyeona, na kuona ni kazi, yenye saa zake na daftari lake.

Nimalizie na jambo ambalo swali la mjomba lilinifunulia baadaye. Alipouliza vikombe vingapi vimebaki, nilitambua kwamba filamu yangu ilianza alasiri na kuishia magharibi, na muuza kahawa wangu alitembea vilevile toka mwanzo mpaka mwisho. Nilirudi kazini. Mtu ni yuleyule, tabaka ni zilezile, bawaba hazikusogea. Lakini katika fremu za mwisho bega limeanza kupanda, kiwiliwili kimenyooka, hatua zimerefuka, na dele linapochelewa nyuma ya kiganja linachelewa fremu moja badala ya tatu. Anarudi nyumbani. Kahawa imekwisha kwa kunywewa, na mtazamaji anaijua hesabu hiyo bila kuambiwa.